Afisa alipopiga magoti

Nimelea watoto wa watu Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda Nairobi, miaka tisa sasa, na kila Januari hunijia dada anayetaka kufungua kituo chake cha kulea watoto, swali lake likiwa lile lile: leseni naitafuta wapi? Mara nyingi ameshamaliza nauli kwenda wizara ya elimu. Dada, Katiba ya 2010 iliviweka vituo vya kulea watoto chini ya kaunti, na Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2017 kuhusu vituo hivi. Anzia ofisi za kaunti ndogo yako, umuulize afisa wa afya ya umma.

Karatasi zisikutishe. Kibali cha biashara ni cha kila mwaka. Cheti cha afya cha anayewapikia watoto ni cha miezi sita, na hicho ndicho tunachosahau sana. Cheti cha maadili mema, kile cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, unakiomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, shilingi 1,050, kisha unapigwa alama za vidole. Msaidizi wako awe nacho pia, hata kama ni mtoto wa dada yako. (Najua, unaona haya kumwambia. Mwambie tu.)

Mara yangu ya kwanza kukaguliwa nilipanga faili vizuri mezani. Afisa hakuligusa. Alipiga magoti mlangoni, macho usawa wa mtoto anayetambaa, akatulia hapo. Kisha akanionyesha kimoja kimoja: soketi iliyo wazi, jiko la makaa nyuma ya pazia, chupa ya soda niliyotilia dawa ya kufulia. Vitu nilivyokuwa nikivipita kila siku! Makaa ndiyo yaliyomkasirisha zaidi, kwa sababu chumba cha mabati kikifungwa mvua inaponyesha, hewa yake ya sumu isiyoonekana inaua watoto wakiwa usingizini na hakuna anayesikia kitu.

Halafu akahesabu vichwa: kumi na wanne. Daftari langu lilikuwa na kumi na mmoja. Watatu walikuwa wa jirani aliyeenda kibarua ghafla, nikawapokea kwa huruma bila kuandika. Hapo niliaibika kuliko kwa soketi. Alinipa wiki mbili nirekebishe, na alirudi kweli.

Watakuja pia wanaotaka chai. Omba kitambulisho cha kazi, lipa ada kwa njia rasmi tu, weka risiti.

Tangu siku ile daftari hukaa mlangoni na kalamu yake imefungwa kwa uzi. Naandika saa, aliyemleta, atakayemchukua, dawa aliyokunywa nyumbani. Mtoto akija na alama ya kuungua mguuni, naiandika mama akiwa bado amesimama pale, naye anatia sahihi kabla ya kukimbilia matatu. Nikiona alama mpya kila wiki, nampigia mzee wa mtaa au namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo haina malipo.