Mdogo wako na mazungumzo ya kwenda peponi

Pole sana, ndugu yangu. Unasema mdogo wako siku hizi hana neno jingine ila kwenda peponi na kufa kishujaa, ukauliza kama imani ya akhera ndiyo inayomvuta kwenye itikadi kali.

Peke yake, hapana. Mabilioni ya watu wanaiamini akhera, na wengi wao imani hiyo huwazuia kudhulumu. Tamil Tigers, waasi wa Sri Lanka waliotaka nchi yao wenyewe, hawakupigania dini, lakini walituma walipuaji wengi wa kujitoa mhanga. Ila ahadi ya akhera inaweza kutumika vibaya: mwaka 1997 watu 39 wa kundi la Heaven's Gate, Marekani, walijiua wakiamini roho zao zitachukuliwa na chombo cha angani.

Kwa hiyo mchunguze anayemfundisha. Je, anadai yeye pekee ndiye anajua njia? Anamtenga na familia? Anawaita wengine wasiostahili kuishi? Hapo ndipo penye hatari.

Usibishane naye aya kwa aya. Mimi nilifanya hivyo kwa rafiki yangu, akanyamaza miezi. Alifunguka nilipomuuliza nini kimemuumiza, na kumbe ilikuwa aibu ya kosa la zamani alilotaka lifutwe mara moja. Mtafutie pia mwanazuoni anayemheshimu, pamoja na mshauri nasaha.

Akianza kuaga watu, kugawa vitu vyake, kutaja tarehe au kupanga safari ya siri, usisubiri kikao cha familia. Usimwache peke yake, na upige simu ya dharura siku hiyohiyo.