Kile ulichokikuta ndani ya ngisi

Mwanangu,

Picha uliyonitumia kutoka Dar es Salaam nimeitazama mara nyingi. Unasema ulinunua ngisi pale Feri, sokoni kwa samaki, ukampasua ili umsafishe, ukakuta mgongoni mwake kipande kirefu, chembamba, kinachopitisha mwanga kama nailoni, ukadhani amemeza plastiki. Halafu ukaniuliza: hicho ni kitu gani, na mbona sisi watu wa Bukavu, wenye ziwa lote hili la Kivu, hatujawahi kuona ngisi? Nimefundisha biolojia miaka mingi, na maswali yanayofungamana hivi hayajanijia mara nyingi.

Hiyo si plastiki, mama. Ni masalia ya gamba. Ngisi si samaki hata kidogo; ni ndugu wa konokono na kome, na mababu zake walibeba gamba kwa nje. Miaka milioni 500 hivi iliyopita gamba hilo lilianza kugawanyika vyumba, vyumba vikajaa gesi, na mnyama aliyekuwa akitambaa chini ya bahari akaweza kuinuka na kuelea. Nautilasi wa bahari za Hindi na Pasifiki anaishi hivyo mpaka leo. Waamoniti, ndugu zao wengine wenye gamba la vyumba, nao walienea bahari nyingi, wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule wa dinosaria. Ukoo wa ngisi ulikwenda njia nyingine: nyama ikalifunika gamba, likabaki ndani. Dome, yule mnene mwenye mikono mifupi ambaye lazima umemwona sokoni, bado ana jiwe jeupe jepesi lenye vyumba vidogo sana, na huongeza au kupunguza maji ndani yake ili aelee bila kujichosha. Kwa ngisi vyumba vimekwisha. Kimebaki hicho kipande cha kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la panzi. Pweza karibu hana kitu.

Kwa nini waache ulinzi mzuri namna hiyo? Wataalamu wengi wanaona sababu ni samaki. Samaki wenye taya walizidi kuwa wepesi, na mwenye gamba zito hawezi kuwakimbia wala kuwakimbiza. Ngisi huvuta maji ndani ya mfuko wa mwili, anaubana ghafla, maji yanaruka kupitia bomba lililo chini ya kichwa, naye anachomoka kinyumenyume. Misuli yote inapaswa kubana kwa mara moja, ndiyo maana ana neva nene ajabu; katika spishi fulani inakaribia milimita 1, unaiona bila mikroskopi. Mwingereza J. Z. Young aliwaonyesha wenzake mwaka 1936 kwamba ni neva. Baadaye Alan Hodgkin na Andrew Huxley wakapitisha waya mwembamba ndani yake, wakapima umeme wake, wakaeleza jinsi ujumbe unavyosafiri ndani ya neva. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1963. Somo la neva ulilosoma sekondari, lile lenye mchoro wa chaji za ndani na nje, lilitoka kwa mnyama huyo uliyemweka kwenye sufuria.

Siku ukipata ngisi aliyetoka majini sasa hivi, usimkate haraka. Sogeza uso karibu na ngozi yake. Utaona vidoa vyekundu na vya kahawia vikitanuka na kunywea, ingawa mwenyewe amekwisha kufa. Kila kidoa ni kifuko cha rangi kilichozungukwa na misuli midogo: misuli ikivuta kinatanuka, ikilegea kinakuwa nukta. Akiwa hai, ubongo ndio unaotoa amri, na dome anaweza kufanana na mchanga au mawe kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kusema jina lake. Nawaza kila mara jambo hili: karibu wote waliochunguzwa hawatofautishi rangi kwa macho yao kama sisi.

Sasa ziwa letu. Ukoo wa ngisi, dome, pweza na nautilasi una spishi 800 hivi, na zote ni za baharini. Hakuna hata moja ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ndugu zao waliweza: konokono wamejaa Ziwa Tanganyika, kome wako mitoni, na konokono wengine wanatumalizia mboga bustanini. Hata sambaza wetu, yule samaki mdogo kama dagaa, asili yake ni baharini. Mababu zake waliingia mitoni, wakafika Tanganyika, na watu ndio waliomleta Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tofauti ni chumvi. Damu ya ngisi ina chumvi karibu sawa na maji ya bahari. Mtie ndani ya Kivu, na maji yatamwingia kupitia ngozi na matamvua, chumvi itamtoka, naye hana namna ya kuzuia. Sambaza ana figo zinazotoa maji ya ziada usiku na mchana, na matamvua yanayokamata chumvi na kuirudisha mwilini. Kuna ngisi mdogo wa Marekani anayeingia ghuba ya Chesapeake, mahali maji ya mito yanapochanganyika na ya bahari, akavumilia chumvi iliyopungua hadi karibu nusu. Mtoni hapandi. Ngisi huvutwa na taa usiku kama sambaza, lakini wavuvi wetu wanaoimba kule ziwani hawatampata.

Kinachonigusa kuliko yote ni maisha yao. Wana akili, wana mioyo mitatu, na wengi huishi mwaka mmoja au miwili tu. Mama hutaga, kisha hufa, watoto hawamjui. Dome mdogo basi huanza kujifunza angali ndani ya yai, akitazama nje kupitia ganda lake. Majaribio yameonyesha kwamba walioonyeshwa kaa wakiwa ndani ya yai hupendelea kaa wanapoanza kuwinda.

Wino usiuogope, si sumu, kuna wanaoupikia. Na ukimpata mtu anayepanda huku kupitia Kigali, nitumie jiwe la dome. Lioshe kwa maji ya bomba, likauke kivulini, ulifunge katika kitambaa kwa sababu linavunjika upesi. Nitalipasua kwa wembe mbele ya wanafunzi ili waone vile vyumba.

Baba yako,
Bukavu