Klachi ya Probox: ukitaka kuibadilisha mwenyewe

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kubadilisha klachi ya Probox yako ya manyuali hapo nyumbani Kisauni bila fundi. Unaweza, ila tafuta mtu wa pili, maana giaboksi ni nzito. Gari likae juu ya stendi imara kwenye saruji. Mchangani stendi huzama, na hapo unacheza na maisha.

Nunua seti kamili: klachi pleti, presha pleti na beringi. Siku moja kabla, nyunyizia bolti dawa ya kutu. Hewa ya chumvi ya Pwani huzishika vibaya. Toa waya hasi wa betri, mwaga oili ya giaboksi, chomoa shafti za magurudumu. Klachi ikiwa ya haidroliki, ile silinda ndogo ifungue uiweke kando na paipu yake, na mtu asikanyage pedali. Egemeza injini kwa jeki na ubao kabla ya kufungua mauntini, yaani vishikio vinavyobeba injini na giaboksi.

Giaboksi ikitoka, kagua sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili ya injini isivuje upande wa klachi. Ikivuja, badilisha papo hapo, kwani oili ikigusa pleti mpya nayo itateleza. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hufungwa juu yake, ikiwa na nyufa usiirudishe.

Pleti ikae katikati kabisa kwa kifaa cha kulenga, kisha kaza bolti za presha pleti kidogo kidogo, kwa kupishanisha pande. Wengi hukwama hapa: pleti imekaa upande, giaboksi inagoma kuingia, nao wanaivuta kwa bolti mpaka ganda la giaboksi linapasuka. Ikigoma, itoe, ulenge upya.