Kitako kifuate mwili wako: ushauri kwa wanaolenga shabaha za mbali

Wengi wanaoingia kwenye mashindano ya kulenga shabaha za mbali humaliza fedha zao kwenye mtutu na darubini, na kitako, yaani sehemu ya bunduki inayokaa begani na shavuni, hukumbukwa mwisho. Nawaelewa, kwa sababu mazungumzo yote ya uwanjani ni ya mitutu na darubini. Lakini baada ya miaka mingi ya kulala kifudifudi nyuma ya bunduki, na ya kuwasaidia wageni kupanga vifaa vyao, nina msimamo ambao siuachi: bunduki ya kawaida iliyokaa vizuri mwilini itakupa alama nyingi kuliko bunduki ya bei kali inayokulazimisha ukunje shingo.

Sababu ni ya mwili tu. Kwenye umbali wa yadi 800, 900 au 1000, mlengaji hapigi risasi moja akainuka. Anapiga mfululizo wa risasi 15 au 20, na kati ya moja na nyingine anaweza kusubiri upepo kwa muda mrefu. Shingo inayokishikilia kichwa kwa misuli huanza kuchoka, kichwa hushuka kidogo kidogo, na jicho huhama kutoka katikati ya darubini bila mwenyewe kujua. Kama darubini haijarekebishwa sawasawa kwa umbali huo, jicho likihama tu, msalaba wa kulengea ulio ndani yake nao unahama juu ya shabaha. Duara la ndani kabisa la shabaha ya F-Class, mchezo wetu huu wa kulenga mbali, kwenye yadi 1000 lina upana wa karibu sentimita 13. Upepo peke yake unatosha kukutoa humo, na usiusaidie kwa shingo iliyochoka.

Mchezo wa F-Class wenyewe ulianza kwa kuufuata mwili. George Farquharson wa Kanada alitaka walengaji ambao macho na mikono vimeanza kuwasumbua waendelee kushindana, kwa kutumia darubini na kuiegemeza bunduki mbele. Ndiyo maana nashangaa kuona mtu ameingia kwenye mchezo huu kisha anajipinda kufuata umbo la kitako.

Sasa tuje kwenye kurekebisha. Bunduki iwe tupu, bolti (chuma kinachofunga chemba ya risasi) imetolewa, na umethibitisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba haina risasi. Halafu lala chini, au kaa, kama utakavyokuwa siku ya shindano, na uvae koti lile lile utakalovaa. Koti nene linakula nafasi begani, na kipimo ulichochukua ukiwa na fulana kitakusaliti.

Anza na urefu, yaani umbali kutoka kwenye kifyatulio hadi kwenye bamba la bega, kile kibao cha mwisho wa kitako kinachogusa bega. Vitako vingi vinavyouzwa tayari vina kama sentimita 33 hadi 36, lakini hiyo ni namba ya kuanzia tu. Angalia mkono wako. Kiganja kikiwa kimetulia kwenye mshikio na kifundo hakijapinda, kidole kinatakiwa kifike kwenye kifyatulio kwa pingili yake ya kwanza na kivute kuelekea nyuma moja kwa moja. Kama inabidi usukume bega mbele ili ukifikie, kitako ni kirefu. Kama uso umekaribia mno darubini na kiwiko kinabanwa, ni kifupi.

Kisha bamba la bega, juu na chini. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu mambo yanakwenda kinyume na wanavyotarajia: ukiteremsha bamba kwenye kitako, bunduki yenyewe inapanda, kwa kuwa bega halihami. Kwa hiyo ukijikuta unainamisha kichwa kuitafuta darubini, teremsha bamba. Ukijikuta unanyoosha shingo juu, lipandishe. Baadhi ya vitako vinaruhusu bamba lizungushwe kidogo lifuate mlalo wa bega, na hilo ni jambo la thamani kubwa, kwa sababu bega la mtu aliyelala halisimami wima. Zungusha bamba, bunduki ibaki wima. Weka pimamaji ndogo kwenye darubini uihakikishe, maana bunduki iliyolala upande kidogo tu inapeleka risasi pembeni na chini, na kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo kosa linavyokua.

Egemeo la shavu ndilo ningependa ulipe muda wako mwingi. Niliwahi kumsaidia mlengaji mmoja mrefu ambaye alikuwa akilalamikia risasi zake kutawanyika juu na chini, na alikwishabadilisha baruti na aina ya risasi bila kupata nafuu. Nilipomtazama kutoka ubavuni, shavu lake halikuwa limegusa kitako kabisa. Alikuwa ameegemeza ncha ya taya, na kila alipovuta pumzi kichwa kilipanda na kushuka. Nikamwambia afumbe macho, aulaze uso wake kwenye egemeo kwa uzito wote kama anayetaka kulala, apumue mara kadhaa, ndipo afumbue. Akasema anaona mwezi mweusi ukingoni mwa darubini. Tukalipandisha egemeo milimita chache, akarudia. Mwezi ukawa mwembamba. Tukapandisha tena, mpaka alipofumbua macho akaona duara zima, jeupe, bila kivuli upande wowote, na shavu bado limelala kwa uzito wake. Jioni ile mtawanyiko wake wa juu na chini ulipungua kwa namna iliyoonekana kwa macho, na baruti ilikuwa ile ile.

Hilo jaribio la kufumba macho ndilo kipimo changu cha kila kitu. Ukiwa macho, mwili unadanganya: utasogeza shingo bila kujua ili upate picha nzuri. Ukifumba, misuli inalegea na ukweli unaonekana.

Angalia pia kwamba egemeo likiwa juu, bolti inaweza kuligonga unapoivuta nyuma au unapoitoa ili usafishe mtutu. Chagua egemeo lenye mkato wa kuipisha bolti, au linaloshuka kwa haraka na kurudi kwenye alama yake bila kupimwa upya.

Darubini isogezwe mwisho, si mwanzo. Wengi hufunga darubini dukani kisha wanatafuta pa kuweka kichwa. Kichwa kitafute pake kwanza, darubini iletwe kilipo. Nyingi zinataka jicho liwe umbali wa sentimita 8 hadi 10 hivi, na nafasi hiyo pia inakulinda usigongwe kwenye paji la uso bunduki inaporudi nyuma.

Ukishapata mahali pako, kaza kila kitu. Kitako kinachorekebishika kina skurubu nyingi kuliko kitako cha mbao kilichochongwa kipande kimoja, na kila skurubu ni mahali panapoweza kulegea kwa msukumo wa risasi. Shika egemeo na bamba uvitikise kwa nguvu. Vikicheza hata kidogo, bunduki haitarudi mahali pamoja mara mbili. Skurubu zinazoshika mtambo, yaani sehemu yenye bolti na chemba, kwenye kitako zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa namba aliyoitaja mtengenezaji, si kwa nguvu ya mkono. Piga mstari mwembamba wa rangi kwenye kila kiungo, na andika milimita zake kwenye daftari. Siku ya shindano usiguse kitu, hata ukianza vibaya.

Kuhusu uzito, soma kanuni za daraja lako kabla ya kununua. F-TR, daraja la F-Class la bunduki zinazotumia risasi za aina mbili tu, .223 Remington na .308 Winchester, ina kikomo cha kilo 8.25, na hapo darubini na miguu miwili ya mbele vimehesabiwa. F-Open, daraja la pili, inaruhusu kilo 10. Kitako cha alumini chenye reli na viungo vingi kinaweza kukumalizia kilo hizo upesi, na nimeona watu wakifungua vifaa mbele ya mizani asubuhi ya shindano huku mikono ikitetemeka. Mbao, alumini au nyuzi za kaboni, zote zimeshinda. Mbao inavuta unyevu na kutanuka, kwa hiyo pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako mara kwa mara uone kama bado kuna nafasi. Zaidi ya hapo chagua kinachokupendeza.

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, acha kitako kipya. Peleka kitako ulichonacho kwa fundi wa bunduki mwenye leseni akufungie egemeo la shavu linalopanda na kushuka, na ukipata tena, bamba la bega. Wakati unasubiri fundi, kipande cha sponji ngumu kilichofungwa kwa utepe imara juu ya kitako kitakuonyesha kimo unachohitaji, umpelekee kipimo kamili.