Choo Kilichonigombanisha na Majirani

Juma lililopita dada mmoja wa Likoni aliniandikia kwamba choo chake hakinyamazi usiku kucha. Fundi amekuja mara mbili, kalipwa mara mbili, na maji bado yanapita. Akaniuliza kama ahame. Dadangu, usihame. Nakujibu hapa kwa urefu kwa sababu mimi nami nusura choo kinihamishe.

Ilikuwa Ramadhani. Tunakaa Majengo, Mombasa, ghorofa ya pili, familia sita kwa tangi moja la juu ya paa. Mfereji ukikauka, mwenye nyumba hutuwashia pampu ya kisima, maji ya chumvi. Kumi la kwanza halijaisha, tangi likawa linakauka kabla ya magharibi. Watu wamefunga, na maji ya kutawadha hakuna. Siku moja napanda ngazi na mtungi wa lita 20 nilioununua kwenye mkokoteni, mtoto mgongoni, nikamsikia jirani akisema kwa sauti ya makusudi, "Ni hao wa ghorofa ya pili, kutwa kucha wanafua." Nilipita kimya. Neno lile liliniingia, na halijatoka.

Kumbe maji yalikuwa yakipotelea kwangu kweli, ila si kwa kufua. Nilipoamka kupasha daku nikasikia chooni kama mtu ananong'ona. Nikawasha taa. Uzi mwembamba wa maji ulikuwa ukiteremka nyuma ya bakuli la choo, na hakuna aliyekuwa ameflashi tangu tulale.

Nikaita fundi. Nikamwonyesha ule uzi, akaniambia, "Mama, wewe nenda kapike, haya niachie mimi." Akabadilisha boya na valvu yake, vile vinavyofunga maji tangi la choo likijaa, akachukua shilingi 1,800 na kuondoka. Usiku ule ule mnong'ono ukarudi. Simu zangu hakuzipokea tena.

Basi nikafunua tangi la choo mwenyewe. Nilichukua rangi ya biriani, kijiko kimoja, nikaimimina ndani yake na kuwakataza watoto wasiflashi. Baada ya dakika ishirini bakuli likawa la machungwa. Hapo nikajua maji yanapenya kwa chini, kutoka tangini hadi kwenye bakuli, na boya la fundi halikuwa na kosa lolote. Rangi isipofika kwenye bakuli, tazama kile kibomba kilichosimama katikati ya tangi. Maji yakiwa yanamwagikia mdomoni mwake, boya limewekwa juu mno. Zungusha skrubu yake boya lishuke, mpaka maji yasimame vidole viwili chini ya mdomo huo. Kazi hiyo haihitaji fundi.

Kisha nikataka kujua ninapoteza kiasi gani. Nikafunga ile koki ndogo iliyo ukutani kando ya choo, nikachora mstari wa penseli maji yalipofika. Saa moja baadaye nikayarudisha kwenye mstari kwa jagi la lita moja. Jagi tatu. Fanya hesabu: lita 72 kwa siku, mitungi mitatu na nusu, na kwa wiki zaidi ya lita 500. Nilikaa kwenye ukingo wa karo nikalia, sisemi uongo. Kisiwa chetu hakina mto. Maji yetu ya mfereji huletwa kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere huko Kwale. Yanasafiri njia yote hiyo, kisha yanaishia nyuma ya bakuli langu, na jirani ananiita mfujaji.

Choo changu ni cha kubonyeza. Funga koki, flashi tangi liishe maji, fungua kile kitufe cha juu kwa kukizungusha, kisha weka kifuniko chini juu ya taulo maana kikianguka hakiungiki. Mtambo wa katikati wangu niliuzungusha kidogo ukachomoka. Chini yake kuna mpira wa mviringo, mafundi huuita washa. Upitishe kidole. Wangu uliniachia weusi kwenye dole gumba, maana yake umeoza. Na pale mpira huo unapokaa palikuwa pameganda chokaa ngumu kama ganda la kaa. Hiyo ni kazi ya maji ya kisima chetu cha mawe ya matumbawe. Nikapasugua kwa kitambaa na siki mpaka pakalainika. Washa mpya niliupata kwenye duka la hadwea Mwembe Tayari kwa shilingi 100. Chukua ule wa zamani uende nao, kwa sababu vipimo havifanani. Na zile tembe za klorini za kutupia ndani ya tangi, ziacheni. Zinakula mpira.

Wanawake wenzangu, msikubali kuambiwa mkapike. Funua kifuniko kwanza, tazama, ndipo uite mtu, na ukimwita msimamie mpaka akuonyeshe kilichoharibika. Maji ni amana. Tutaulizwa kwayo, hata yale yaliyopotea tukiwa usingizini.

Tangu siku ile tangi la paa linafika hadi asubuhi. Mwezi uliopita yule jirani wa ngazini alibisha mlango wangu baada ya isha, akasema eti choo chake kinanong'ona. Nilishuka na koleo na kijiko changu cha rangi. Tukakaa sebuleni kwake kungoja, akanimiminia kahawa, ya ngazini hakuyataja. Dakika kumi hazikutimia, bakuli lake likawa la machungwa. Nikamchomolea mpira, nikaufunga kwenye gazeti, nikamwelekeza duka.