Kipima gesi cha tanuri kinasoma oksijeni 19

Ndugu, unasema kinasoma oksijeni asilimia 19 huku tanuri la saruji linawaka vizuri? Hewa ya kawaida ina 20.9, kwa hiyo hewa ya nje inaingia njiani, na mashine yako inapima upepo wa huko Tororo, si moshi wa tanuri. Sensa, yaani kihisio cha oksijeni, usiiguse kwanza. Ziba bomba la sampuli, lile linalovuta moshi hadi kwenye kipima gesi, kule kwenye tanuri, kisha tazama kigololi cha kipima mtiririko: kikiendelea kuelea badala ya kushuka, kuna mahali panavuja. Mimi nilihangaika siku mbili, kumbe ringi ya mpira kwenye kifuniko cha chujio ilikuwa imepasuka!

Ila usifungue bomba ukiwa peke yako. Moshi huo una monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu. Vaa king'ora cha gesi hiyo kifuani, na gesi inayotoka kwenye pampu ielekezwe nje ya chumba.