Muulize Fundi: Friji linapiga, ethi hakuna

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepanga ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani hapa Shangani, Mtwara. Nauza barafu na juisi ya ukwaju, kwa hiyo friji langu halipumziki. Nikishika mlango wake bila ndala, hasa maji yakiwa yamemwagika sakafuni, linanipiga. Halinirushi, ila mkono unakufa ganzi. Fundi wa mtaani alifungua soketi akakuta nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, hakuna. Anasema kutandika waya mpya ni gharama, yeye ataunga tundu la ethi na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, humo humo ndani ya soketi kwa kipande cha waya, kazi ya dakika tano. Mwenye nyumba amekubali haraka sana. Na mimi nikubali?
Mama Barafu, Shangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali. Na kama ameshaunga, mwite aje akifungue leo.

Hoja ya fundi wako si ya kijinga, ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda. Nyutro ya TANESCO kweli imefungwa ardhini kule kwenye transfoma. Ukiiunga na tundu la ethi kisha ukapima kwa mita, utasoma kama volti 230 kati ya moto, yaani waya unaoleta umeme, na ethi, na karibu sifuri kati ya nyutro na ethi, sawasawa na nyumba iliyofungwa vizuri. Friji litaacha kupiga, utamlipa, atakwenda zake.

Sasa ngoja siku ya upepo. Kuti la mnazi linaangukia waya za nje, nyutro inakatika, waya wa moto unabaki. Taa zinazima, friji linanyamaza, wewe unasema umeme umekatika. Kumbe moto unapita kwenye taa ambayo swichi yake imewashwa, unafika kwenye nyutro isiyokwenda popote, na kwa kile kipande cha waya unaingia kwenye bodi la friji. Friji ni zima, halina kosa lolote, lakini mlango wake una volti 230. Hata bila nyutro kukatika, mtu akigeuza nyaya kule kwenye boksi la breka, nyekundu mahali pa nyeusi, bodi linapata moto saa ileile.

Akisema basi tufunge kwenye bomba la maji, mkatalie vilevile. Kwenye majengo haya mabomba ya chuma yameshakatwa na kuungwa ya plastiki sehemu nyingi. Umeme utaishia kwenye kipande cha chuma kisichofika ardhini, na jirani wa chini akifungua maji aoge ndiye atakayepokea hitilafu ya friji lako.

Inawezekana jengo lako lilikuwa na ethi zamani. Mafundi wa enzi zile walipitisha nyaya ndani ya mabomba ya chuma ukutani, na bomba lenyewe ndilo lililokuwa ethi. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula maungio taratibu, mwisho njia inakatika na hakuna anayejua. Kwa hiyo fundi aangalie kama boksi la soketi ni la chuma na lina bomba nyuma yake. Asiliamini kama ethi mpaka alipime. Lakini hata likiwa limekufa lina faida yake: ni njia ya kuvutia waya mpya bila kubomoa ukuta wa mtu.

Kazi yenyewe iende hivi. Kabla ya yote, wiki hii, fungeni RCD kwenye boksi lako baada ya Luku, iliyoandikwa 30 mA au 0.03 A usoni, yenye kitufe cha T. Kifaa hiki kinalinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Ukipungua kiasi hicho, maana yake unavuja mahali, pengine kupitia mwilini mwako, nacho kinakata chini ya theluthi ya sekunde. Kinafanya hivyo hata kama nyumba haina ethi. Ila hapo kitasubiri umeme ukupitie ndipo kikate, kwa hiyo usiishie hapo.

Halafu ethi ya kweli: rodi ya shaba ardhini, waya wa kijani wenye mistari ya njano kupanda mpaka kwenye boksi lako, na kutoka hapo waya wa milimita za mraba 2.5 kwenda kila soketi. Pesa zikiwa haba, anzeni na jikoni na bafuni, yaani friji, pasi, hita ya maji. Sebule ya televisheni inaweza kungoja.

Hapa kwenye rodi nitakaa kidogo, maana ndipo wenzangu wanapolipua kazi. Nimeona nondo ya ujenzi imegongelewa nje ya ukuta na kuitwa ethi. Kwa chumvi ya Shangani hiyo inaoza upesi. Nimeona pia shimo lililojazwa chumvi na mkaa ili kipimo kisome vizuri siku ya kukabidhi. Mvua inaiosha ile chumvi, inayobaki inakula klampu. Ardhi yenu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Rodi ikigoma kushuka kwenye jiwe, isikatwe ikafukiwa kichwa. Chimbeni mtaro, mlaze waya wa shaba mtupu chini, upande ule ardhi inakobaki na unyevu. Na kipimo kichukuliwe Oktoba, watu wakiwa kwenye korosho na ardhi imekauka. Cha masika kinadanganya.

Usidhani rodi peke yake inatosha. Tuseme imepimwa ikatoa ukinzani wa omu 40, jambo la kawaida kabisa kwenye mchanga. Gawanya 230 kwa 40: waya wa moto ukigusa bodi la friji, ampea zitakazopita hazifiki 6. Breka yako ni ya ampea 20 au 32, itakaa kimya mchana kutwa, na bodi linabaki na moto. Kwa RCD, hizo ampea 6 ni nyingi mno, itakata papo hapo. Ndiyo maana nataka vyote viwili.

RCD ikianza kukatakata, utasikia ushauri wa kuitoa. Itafutwe hitilafu. Kwenye majengo ya zamani mara nyingi ni nyutro iliyogusa ethi mahali, au hilohilo friji limechoka.

Mwenye nyumba mwambie rodi na waya wa kupandia ni vya jengo zima, na wapangaji wote watafunga hapo. Nendeni kwake pamoja. Fundi awe na leseni ya EWURA, na asiguse kitu kabla ya Luku, upande umeme unakotokea, huko ni kwa TANESCO. Wewe kwa sasa zima swichi na chomoa friji kabla ya kuingiza mkono, na kausha sakafu.

SWALI: Testa yangu nikiiingiza kwenye tundu la ethi haiwaki. Nimehakikisha kwamba ethi ipo?
Msomaji, Mtanda, Lindi

JIBU: Hapana. Umehakikisha tu kwamba tundu halina moto. Tundu lisilounganishwa na chochote nalo haliwashi testa. Fundi apime kwa mita kati ya moto na ethi, na akiona namba za ajabu kama 90 au 110, ajue waya unaning'inia. Akiwa na kipimo cha ethi chenyewe, bora zaidi.

SWALI: Nachomeka chaja ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu. Kuna ubaya?
Kijana, Mikindani

JIBU: Tundu hilo ndilo la ethi. Pini yake ni ndefu ili iingie kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Kalamu inafungua vifuniko hivyo, halafu chaja inakaa kilegevu, inatoa cheche na kuunguza soketi. Nunua adapta. Chaja yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji ethi, hiyo usiiogope. Lakini pasi au birika la umeme ambalo mtu amelikata pini ya tatu, lifunge plagi mpya kabla hujalichomeka tena.